Haraka ya Kwenda Kuhubiri: Kwa Nini Tunampita Aliyeanguka Njiani?

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa mafrateri watano tunaelekea kigangoni kwa utume. Daladala ya kwanza ilikuwa imetuacha, na katekista alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi. Karibu na stendi tulimkuta mzee amelala ubavu kando ya mtaro, shati limefunguka vifungo, anasema maneno yasiyoeleweka. Mmoja wetu alinong'ona, "Amelewa huyu." Hakuna aliyebisha. Tukapita.

Mchana tuliporudi tuliulizia habari zake. Mama anayeuza chai na vitumbua pale stendi alitueleza kwamba mzee yule ana ugonjwa wa kisukari, na asubuhi ile sukari yake ilikuwa imeshuka. Alipoona bado anaweza kumeza, alimnywesha chai yenye sukari nyingi, kisha akamwita kijana wa bodaboda wakampeleka zahanati. Hakutulaumu. Alisema tu, "Niliwaona asubuhi, wanangu. Mlikuwa na haraka."

Neno hilo limekaa nasi. Tunasoma falsafa, tunatafakari Injili kila siku, na mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37) tunaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Ilikuwaje basi watu watano wenye mafundisho yote hayo tukapita, na mama mmoja mwenye chupa ya chai akasimama?

Jaribio lililofanyiwa waseminari

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi aliombwa kwenda jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kazi zinazowafaa waseminari. Wengine walipewa mfano wa Msamaria mwema. Wakati wa kutoka, baadhi waliambiwa wamechelewa na wanasubiriwa, wengine waliambiwa kwamba muda umefika, na wengine kwamba bado kuna dakika chache. Njiani, mlangoni pa kichochoro, kulikuwa na mtu amejikunja, kichwa chini, anakohoa na kuguna. Watafiti ndio waliomweka pale.

Kati ya wanafunzi 40, ni 16 tu waliojaribu kumsaidia kwa namna yoyote. Waliokuwa na nafasi walisaidia kwa asilimia 63, wenye haraka ya wastani asilimia 45, na walioambiwa wamechelewa asilimia 10. Kubeba mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ambayo watafiti waliweza kuithibitisha. Wapo waliomruka mgonjwa huyo wakikimbilia kuhubiri juu ya Msamaria.

Wanafunzi 40 ni wachache, na jaribio moja si sheria ya maumbile. Hata hivyo kuna jambo watafiti waliloliona ambalo linatugusa: baadhi ya waliopita walifika mwisho wa safari wakiwa na wasiwasi. Mioyo yao haikuwa ya jiwe. Walibanwa kati ya mtu anayewasubiri na mtu aliyelala chini, na yule anayewasubiri akashinda. Mwinjili Luka hatuambii kwa nini kuhani na Mlawi walipita upande wa pili. Tumezoea kuwafikiria kama watu wabaya. Huenda nao walikuwa na katekista anayepiga simu.

Tulikuwa watano, na hiyo ilikuwa sehemu ya tatizo

Haraka peke yake haitoshi kueleza. Yawezekana kila mmoja wetu angekuwa peke yake angesimama. Jambo hili nalo limechunguzwa, na chanzo chake ni mauaji ya Kitty Genovese, mwanamke aliyeshambuliwa usiku wa tarehe 13 Machi 1964 katika mtaa wa Queens, New York. Gazeti moja kubwa la mji huo liliandika kwamba majirani 38 walitazama bila kufanya lolote. Baadaye ilibainika kwamba habari hiyo ilitiwa chumvi: wengi walisikia kelele tu bila kuelewa, na jirani mmoja, mwanamke, alishuka akamkumbatia Kitty alipokuwa akikata roho.

Lakini swali lililozuka lilikuwa la kweli. Mwaka 1968 Darley na mwenzake Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo ndani yake mwanafunzi aliyeketi chumbani alimsikia mwenzake, kupitia kipaza sauti, akipatwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna mtu mwingine mmoja anayesikia, asilimia 62. Waliodhani kuna wengine wanne, asilimia 31.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza: wajibu ukigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja hubaki na kipande kidogo, akadhani mwenzake atafanya. Ya pili: tusipoelewa kinachoendelea, tunatazama nyuso za wenzetu. Nao wanatutazama sisi. Kila mmoja amenyamaza ili asionekane mshamba, na ukimya wa wote unageuka kuwa jibu: hapa hakuna shida. Ndicho kilichotupata pale mtaroni. Mmoja alisema "amelewa", wanne tukanyamaza, na ukimya wetu ukawa kama hukumu ya daktari.

Neno "amelewa" nalo lina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1969 ulifanyika ndani ya treni za chini ya ardhi za New York, ambako mwigizaji alianguka mbele ya abiria. Aliposhika fimbo kama mgonjwa, abiria walimsaidia mara 62 kati ya 65. Aliponuka pombe na kushika chupa, walimsaidia mara 19 kati ya 38. Tunasaidia upesi zaidi yule tunayemwona hana hatia. Lakini Msamaria hakuuliza kwanza kwa nini mtu yule alisafiri peke yake njia ya hatari. Na hata kama mzee wetu angekuwa amelewa kweli, mlevi aliyelala ubavu kando ya mtaro naye anaweza kufa.

Watu husaidia kuliko tunavyodhani

Tusiishie hapo, maana tungewasingizia watu. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa video za kamera za mitaani kutoka Amsterdam, Lancaster ya Uingereza, na Cape Town ya Afrika Kusini. Katika magomvi 219, mara tisa kati ya kumi mtu mmoja au zaidi aliingilia kati kumtuliza au kumkinga aliyeshambuliwa. Tena, walipokuwapo watu wengi, uwezekano wa kupata wa kuingilia kati uliongezeka. Hii haipingani na jaribio la kifafa. Mmoja mmoja katika umati anaweza kusita, lakini katika wengi ni rahisi zaidi kumpata mmoja wa kuanza.

Sisi Watanzania tuliliona hilo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliwahi kufika na mitumbwi yao, na wakazi walisimama ufukweni wakavuta kamba. Watu 19 walifariki; 24 waliokoka. Wavuvi wale hawakuwafahamu abiria.

Umati huo huo unaweza pia kuua. Mtu akipiga kelele "mwizi!" sokoni, anayerusha jiwe la kwanza huwapata wa kumfuata, na anayesema kwanza "tumpeleke polisi" naye anaweza kuwapata. Mtuhumiwa aliyezingirwa ni mtu aliye katika shida hadharani sawa na mgonjwa aliyeanguka. Ndiyo maana mtu wa kwanza ni muhimu sana.

Fadhila hujengwa kabla ya dharura

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anakiri kwamba hatuwezi kumtendea mema kila mtu, na kwamba upendo una mpangilio: walio karibu nasi hutangulia. Lakini anaongeza kwamba hitaji linaweza kuugeuza mpangilio huo. Mgeni aliye katika shida kubwa kabisa anaweza kumtangulia hata baba mzazi ambaye hana shida kama hiyo. Basi katekista wetu, pamoja na haki yake ya kutusubiri, angeweza kusubiri robo saa zaidi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, alitenga sura nzima ya pili kwa mfano wa Msamaria.

Aristotle anatufundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda, kama mtu ajifunzavyo kupiga kinubi kwa kukipiga. Dakika ya dharura ni fupi mno kuanza kujenga tabia. Tunafika pale na tabia tuliyokwisha kuijenga: ya kusimama, au ya kupita. Kila Misa tunapoungama dhambi za kutotimiza wajibu, tunakubali kwamba kupita nako ni tendo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, kwetu sisi na kwa jumuiya ndogondogo. Ukimwona mtu ameanguka, sogea umsemeshe, swali moja la "Mzee, shikamoo, unaumwa?" huvunja ukimya wa wote. Usiuambie umati "mtu fulani apige simu". Mwonyeshe mmoja: "Wewe kaka mwenye shati la bluu, piga 112." Kama shida ni yako, fanya vivyo hivyo: mwite mtu mmoja, umwambie unachohitaji. Palipo na hatari, kama moto au silaha, kuita msaada ni kusaidia. Na kama unaogopa maswali ya polisi au usumbufu wa fomu ya PF3, nenda na wenzako wawili. Hofu ikigawanywa hupungua.

Sisi watano tumekubaliana jambo dogo. Jumapili za utume tunatoka nusu saa mapema, ili tuwe na muda wa kusimama. Na mmoja wetu akisema "amelewa huyu", mwingine analazimika kwenda kuangalia.