Kuomba faili bila mwenye ghala kujua ni lipi

Watu wengi wakisikia mawasiliano yao yamefichwa kwa msimbo, roho hutulia. Lakini msimbo huo hulinda ujumbe njiani tu. Ukishafika, mwenye seva anajua faili uliloomba, saa uliyoliomba na mara ulizorudi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maswali yapatayo milioni 20 ya watafutaji wake kama 650,000. Majina yalikuwa yameondolewa, zikawekwa namba. Hazikupita siku nyingi, waandishi wa habari wakampata mmoja wao kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta.

Mwaka 1995 Benny Chor, Oded Goldreich, Eyal Kushilevitz na Madhu Sudan waliuliza kama mtu anaweza kuchukua faili bila mwenye hifadhidata kujua ni lipi. Kwa seva moja, ukitaka siri isiyovunjwa na kompyuta yoyote iwayo, huna budi kupakua kila kitu. Zikiwa seva mbili au zaidi, zenye nakala zilezile na zisizosemezana, njia ipo.

Ila nakala nzima nzima ni ghali. Maghala makubwa ya data sasa hukata mafaili vipande na kuongeza vipande vya akiba vilivyokokotolewa. Mfumo wa f4 wa Facebook, ulioelezwa mwaka 2014, ulitumia misimbo ya Reed-Solomon: vipande 10 vya data, 4 vya akiba, na vyovyote 10 kati ya hivyo 14 vinatosha kurudisha vyote. Basi, ikiwa hakuna seva yenye faili zima, utaombaje kwa siri?

Chukua kalamu. Tuna mafaili matatu, kila moja lina tarakimu mbili. Tarakimu za kwanza, 4, 7, 2, zinakaa seva A. Za pili, 5, 1, 6, zinakaa seva B. Seva C inatunza jumla ya tarakimu mbili za kila faili, tukiandika mamoja tu na kuacha makumi: 9, 8, 8. Seva yoyote ikiungua, mbili zilizobaki zinarudisha yote.

Nataka tarakimu ya kwanza ya faili la pili. Nabahatisha namba tatu, tuseme 3, 6, 1, nazituma B na C: zidisheni kila tarakimu yenu kwa namba yake, jumlisheni, nipeni mamoja. B inapata 27, inajibu 7. C inapata 83, inajibu 3. A naitumia namba zilezile, ila ile ya pili nimeiongeza moja: 3, 7, 1. Inapata 63, inajibu 3.

Sasa jibu la C toa la B: 3 toa 7, nikikopa kumi, ni 6. Hilo ndilo A ingejibu kama nisingegusa namba yake. A imejibu 3. 3 toa 6, nikikopa tena, ni 7. Ndiyo niliyoitaka! Tarakimu ya pili naipata kwa namba mpya, safari hii nikiigusa B. Na kila seva imeona namba tatu za bahati nasibu tu. Hata ikizikodolea macho mwaka mzima, haitajua nilitaka faili lipi. Jambo hili bado hunisisimua, kwa sababu siri hii haitegemei fumbo gumu ambalo kesho litafumbuliwa.

Gharama yake ni majibu matatu kwa tarakimu moja. Mwaka 2018 Karim Banawan na Sennur Ulukus walichapisha ukomo wenyewe: mafaili yakiwa mengi sana, sehemu ya upakuaji inayokufaa haizidi kwa kiasi cha maana ile sehemu ya ghala iliyo akiba. Kwa mpangilio wa 10 na 4, ni 4 kati ya 14, yaani unapakua baiti 3.5 kwa kila moja unayoihitaji. Ukibana akiba ghalani, unabana pahali pa siri kujifichia.

Yote haya yanavunjika seva zikinong'onezana. A ikiionyesha B namba zake, 7 dhidi ya 6 inazifichulia faili la pili papo hapo. Kwa hiyo seva tatu za mmiliki mmoja, hata zikiwa katika mabara matatu, hapa zihesabu kuwa moja. Kama unaogopa njama ya seva mbili zozote, ongeza ya nne yenye kipande chake cha akiba; mbinu ya namna hii itafanya kazi, lakini utapakua nne kwa moja.