Dimbwi Badala ya Ziwa: Kulala Mikumi Wakati wa Kiangazi

Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, humpa mgeni wa loji upweke bila taabu, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo ukuta. Wilaya ya Kilosa, uliko mji wa Mikumi, haina kisiwa cha namna hiyo. Tena Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, hupitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ambayo malori yake hayalali.

Hata hivyo, kaskazini mwa barabara hiyo imetanda tambarare ya Mkata, yaani uwanda wa mafuriko ambao mto Mkata, unaomwaga maji yake katika mto Wami, huulowesha wakati wa masika. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kwa kuwa ukishavimba haupitishi maji upesi, mvua zikikoma maji hubaki yametuama mabondeni; kisha kadiri kiangazi cha Juni hadi Oktoba kinavyosonga, madimbwi hupungua, na tembo, nyati na pundamilia husongamana kwenye yale machache yaliyosalia. Mgeni wa wakati huo hahitaji kuwafuata wanyama: hukaa barazani wakamjia. Masika hali hugeuka, kwani maji hupatikana kila mahali, wanyama hutawanyika, na magari hukwama katika udongo ule ule (wapenda kijani kibichi watabisha, nao wana haki yao).

Mwenye dimbwi hasa ni kiboko. Ngozi yake hukauka na kuungua upesi juani, hivyo hushinda majini na kutoka usiku kwenda malishoni, ambako huweza kula takriban kilo 40 za nyasi kabla ya kupambazuka. Njia zake za usiku hazibadiliki ovyo, naye akikuta kitu kati yake na maji hakizunguki, bali hukipitia. Kwa sababu hiyo, katika kambi za mahema zisizo na uzio, jua likishazama mgeni husindikizwa na mlinzi hadi mlangoni, hata kama hema lake liko hatua 30 tu kutoka mezani.