Bakteria Wanaoivunja Pete ya Benzini

Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska ikamwaga baharini lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi. Watu walisafisha fukwe kwa mabomba ya maji ya moto na kwa matambara. Baadaye wataalamu wakachukua hatua ambayo wengi hawakuitarajia: walinyunyizia mawe ya ufukweni mbolea yenye nitrojeni na fosforasi. Bakteria wa kula mafuta walikuwa wameshafika wenyewe. Walichokosa ni kitoweo.

Katika mafuta ghafi, mojawapo ya sehemu zilizo ngumu kuliwa ni misombo yenye pete: atomu 6 za kaboni zilizoshikana kwa mzunguko. Benzini, tolueni na zilini zimo humo, na zimo pia kwenye petroli tunayojaza kila siku. Naftalini, ile inayowekwa kabatini kufukuza nondo, ina pete mbili zilizoungana. Elektroni za pete hizi ni mali ya atomu zote kwa pamoja, na ushirika huo ndio unaoipa pete uimara wake. Tusisahau kwamba benzini husababisha saratani ya damu, hivyo kuivunja si jambo la udadisi wa maabara tu.

Bakteria kama Pseudomonas putida huivunja kwa oksijeni. Kimeng'enya chake cha kwanza, dioksijenasi, kina madini ya chuma ndani yake. Hukamata molekuli ya oksijeni na kuzipachika atomu zake zote mbili kwenye pete, na hapo ule ushirika wa elektroni unavurugika. Kimeng'enya cha pili huigeuza kuwa katekoli. Kingine tena huikata, kikitumia oksijeni kwa mara nyingine, na pete inafunguka kuwa mnyororo. Kuanzia hapo kazi ni nyepesi: mnyororo hukatwakatwa vipande ambavyo seli huvitumia kama inavyotumia mabaki ya sukari. Kwamba oksijeni hiyo hutoka hewani, wala si kwenye maji kama wengi walivyodhani, kulithibitishwa mwaka 1955 na Mjapani Osamu Hayaishi.

Jeni za kazi hii mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria anaweza kumpa jirani yake. Plasmidi iliyochunguzwa sana, TOL, hubeba jeni za kuvunja tolueni na zilini. Jeni hizo hazifanyi kazi ovyo. Protini moja hukaa macho; ikikutana na tolueni, ndipo huziamsha.

Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi General Electric, alikusanya plasmidi kadhaa za namna hii ndani ya bakteria mmoja. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kiumbe hicho kinaweza kupewa hataza. Uamuzi huo ulibadilisha biashara ya bioteknolojia duniani. Bakteria mwenyewe hakupelekwa kusafisha bahari yoyote.

Kwangu mimi funzo kubwa la Alaska ni kwamba bakteria mwenye jeni zinazofaa hatoshi, mazingira nayo lazima yamruhusu kufanya kazi. Zaidi ya miaka 20 baada ya ajali, mafuta yalikuwa bado yamefukiwa chini ya changarawe za baadhi ya fukwe zile, kwa kuwa kule chini oksijeni na virutubisho ni haba. Wapo bakteria wanaovunja pete bila hewa, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Jeni hazikupungua, mazingira ndiyo yaliyozifunga mikono.

Basi msomaji, akija mtu kukuuzia chupa ya bakteria wa kusafisha udongo wa gereji au kituo cha mafuta, kabla ya kuuliza bei muulize hivi: hewa itafikaje huko chini, na nitrojeni itatoka wapi?