Mgeni alikuja, mbona mwenyeji hakupona?

WAHENGA walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeifunza darasani miaka nenda miaka rudi, nasi huwaeleza wanafunzi kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa aliyemo nyumbani. Hata hivyo, ipo nchi moja ambako methali hii imekwenda kombo. Huko Australia mgeni alitia nanga mwaka wa 1788, Waingereza walipotua pale ulipo mji wa Sydney hivi leo. Akajenga miji, akajenga vyuo, akajenga na hospitali zinazosifika ulimwenguni. Lakini mwenyeji hakupona. Kwa makadirio rasmi ya miaka ya 2020 hadi 2022, mtoto wa kiume wa Waaborijini na wa watu wa Visiwa vya Torres Strait alitarajiwa kuishi miaka 71.9, na wa kike miaka 75.6. Ukiwalinganisha na Waaustralia wengine, wanaume wanapungukiwa na miaka 8.8 na wanawake miaka 8.1.

Sikusudii leo kumwaga machozi juu ya tarakimu hizo. Nia yangu ni kuuliza swali ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi anapaswa kuliuliza aonapo jedwali lolote: hesabu hii imepatikanaje? Nani amehesabiwa, nani ameachwa nje, na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Naamini kwamba katika mambo ya afya hatuwezi kumtendea haki mtu tusiyejua kumhesabu, na kwamba hesabu iliyo kamili huanzia pande zote mbili za kitanda cha hospitali: upande wa anayelala juu yake, na upande wa anayesimama kando akimhudumia.

Tuanze na historia. Katiba ya Australia ya mwaka wa 1901 ilikuwa na kifungu, cha 127, kilichoagiza kwamba wenyeji asilia wasijumlishwe katika idadi ya watu wa nchi hiyo. Si kwamba makarani hawakuwaona wala hawakuwaandika kabisa. Mara nyingine waliwaandika. Ila ilipofika wakati wa kutoa jumla ya watu wa taifa, waliondolewa. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali. Sensa ya mwaka wa 1971 ndiyo ya kwanza kuwajumuisha kikamilifu. Basi, msomaji, fikiria mwalimu aliyeingia darasani kwa muda wa miaka 66, akaita majina ya wanafunzi wote isipokuwa ya wale waliokuwa wenye shule. Mwalimu huyo angejuaje nani mgonjwa na nani mzima?

Siku hizi majina yanaitwa. Kila mgonjwa anayefika hospitalini nchini humo anapaswa kuulizwa swali moja la kawaida: je, wewe una asili ya Waaborijini au ya watu wa Visiwa vya Torres Strait? Majibu ni la, au ndiyo kwa asili moja kati ya hizo, au ndiyo kwa zote mbili. Swali ni fupi, lakini ndilo nguzo inayobeba jengo zima la takwimu. Karani wa mapokezi akiona haya kuuliza, au akimtazama mgonjwa usoni na kujijibia mwenyewe kwamba huyu hafanani nao, mtu huyo hutoweka katika hesabu. Mwaka wa 2013 taasisi ya serikali inayoshughulikia takwimu za afya nchini humo ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake. Wagonjwa waliulizwa ana kwa ana, kisha majibu yao yakalinganishwa na yaliyoandikwa na hospitali. Ilibainika kwamba katika kila wagonjwa 100 wa jamii hizo, 88 pekee ndio walioandikwa ipasavyo. Waliosalia, 12, walilala katika vitanda vile vile, wakanywa dawa zile zile, lakini katika vitabu walikuwa watu wengine.

Wala tusiharakishe kumlaumu mgonjwa anayesita kujibu. Kwa miongo mingi katika karne ya 20, serikali na misheni za Australia ziliwatwaa watoto wa wenyeji kutoka kwa wazazi wao na kuwalea mbali na lugha na jamaa zao. Ripoti kuhusu watoto hao ilitolewa mwaka wa 1997, na tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni. Kwa familia iliyopitia mkasa huo, afisa mwenye fomu hakuwa mtu wa kuaminiwa kirahisi. Kujitaja asili kulikuwa kujiweka hatarini. Imani iliyovunjwa kwa kalamu haijengwi upya kwa siku moja.

Sasa tutazame kinachohesabiwa. Takwimu zaonyesha kwamba wenyeji hao hulazwa hospitalini kwa kiwango kinachozidi mara 2 ya kile cha Waaustralia wengine, baada ya tofauti za umri kuzingatiwa. Mtu asiye makini aweza kusema: kumbe wanahudumiwa vyema! Hapo ndipo penye mtego. Karibu nusu ya kulazwa kwao ni kwa sababu moja tu, kusafishwa damu kwa mashine baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Mgonjwa wa namna hii huenda kwenye mashine mara 3 kwa juma, na kila aendapo huandikwa kuwa amelazwa na kuruhusiwa. Kwa mwaka mzima hiyo ni mara 156, na mtu ni yule yule mmoja.

Walimu wa hisabati waweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi. Chukua kijiji cha kubuni chenye watu 100. Katika mwaka mmoja, watu 20 walilazwa mara moja moja, na mtu mmoja alikuwa akisafishwa damu hospitalini. Jumla ya kulazwa ni 176. Anayesoma jumla hiyo peke yake atadhani kwamba kila mwanakijiji alilazwa, na wengine mara mbili, ilhali watu 79 hawakukanyaga hospitali kamwe. Hesabu haikusema uongo. Sisi ndio tuliokosea swali. Tuliuliza ni mara ngapi kitanda kilitumiwa, tukadhani tumeuliza ni watu wangapi walitibiwa.

Na nyuma ya zile mara 156 mna maisha ya mtu. Kwa wenyeji wa jangwa la magharibi, mashine zilikuwa katika mji wa Alice Springs, mamia ya kilomita kutoka vijijini mwao. Aliyeugua figo alilazimika kuiacha nchi yake, wajukuu wake na mazishi ya jamaa zake ili aishi. Mwaka wa 2000 wachoraji wa jamii hizo walitoa picha zao zikapigwa mnada mjini Sydney, zikapatikana zaidi ya dola milioni 1 za Australia, na kufikia mwaka wa 2004 mashine ikawa inafanya kazi katika kijiji cha Kintore. Jedwali la hospitali halina safu ya kuonyesha tofauti kati ya mzee anayesafishwa damu akiwa mpweke mjini na yule anayesafishwa akiwa karibu na wajukuu wake. Tofauti hiyo, waama, ndiyo afya yenyewe.

Nakiri kwamba wataalamu wa Australia hawakukomea kwenye kuhesabu vitanda. Wana mfumo maalumu wa kupima afya ya wenyeji, na ndani yake mna vipimo viwili vilivyonivutia. Cha kwanza huuliza: mgonjwa akishalazwa, je, hupata upasuaji au tiba nyingine anayoistahili? Jibu ni kwamba wenyeji hupata tiba hizo kwa nadra kuliko wenzao. Cha pili huhesabu wale wanaotoka hospitalini kabla ya daktari kuwaruhusu. Hao wenyeji ni wengi mara kadhaa kuliko Waaustralia wengine. Zamani mtu wa namna hii aliitwa mkaidi. Leo idadi yao inachukuliwa kuwa kipimo cha hospitali, si cha mgonjwa: mtu akikimbia kitanda angali mgonjwa, ni lazima tuulize kilichomkimbiza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa ndipo tunapofikia upande wa pili wa kitanda. Aliye kando, mwenye kipimajoto na faili, ni nani? Mwaka wa 1954, baada ya kukataliwa kwa sababu ya asili yake na kupigania haki hiyo hadi kwa wakuu wa jimbo, Lowitja O'Donoghue alipokewa kuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali kuu ya Adelaide. Alikuwa ametwaliwa kwa mama yake angali mtoto wa miaka miwili. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa jamii yake, hadi alipofariki mwaka wa 2024. Ilibidi kungoja hadi mwaka wa 1983 ndipo Mwaborijini wa kwanza, Helen Milroy, akafuzu udaktari. Hesabu, mwanafunzi: kutoka 1788 hadi 1983 ni miaka 195.

Tangu hapo hatua zimepigwa. Waaborijini walianzisha zahanati yao wenyewe mtaani Redfern, Sydney, mwaka wa 1971, na leo vituo vya afya vinavyosimamiwa na jamii zenyewe ni zaidi ya 140. Tangu mwaka wa 2012 wahudumu wa afya wa jamii hizo wana sajili yao ya kitaifa kama ilivyo kwa madaktari na wauguzi. Hata hivyo, kipimo cha haki ni uwiano. Wenyeji walikadiriwa kuwa asilimia 3.8 ya watu wote mwaka wa 2021. Kama milango ingekuwa wazi kwa wote, katika kila madaktari 100 tungetazamia kuwaona wapatao 4. Hata mmoja hawatimii.

Zaidi ya hayo, hata uwiano huo unategemea tunagawia nini. Sensa ya mwaka wa 2021 iliandika wenyeji 812,728. Baada ya kuwakadiria wale waliorukwa na wale ambao asili yao haikuandikwa, idadi rasmi ikawa takriban 983,700. Tofauti ni watu 171,000 hivi. Ukigawia idadi ndogo, utapata kiwango kikubwa cha kulazwa. Ukigawia kubwa, kiwango kitashuka, bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka wala kupona. Ndiyo maana nasema kwamba karani wa sensa, karani wa mapokezi na msajili wa wauguzi ni watu wa afya sawasawa na daktari.

Je, yatuhusu nini sisi wa Kenya? Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 56, yaitaka serikali iwe na mipango ya kuhakikisha kwamba jamii ndogo na zilizotengwa zinapata maji, huduma za afya na miundo msingi. Kifungu cha 260 chazitaja jamii asilia zilizodumisha maisha ya uwindaji na ukusanyaji wa vyakula kuwa miongoni mwa hizo. Ahadi ni nzuri. Lakini ahadi isiyopimwa ni sawa na mtihani usiosahihishwa. Nasi tutakapoamua kuipima, tusianze na kuhesabu vitanda vya zahanati pekee. Tuulize pia ni vijana wangapi wa jamii hizo wamo katika vyuo vya uuguzi na udaktari, na ni nani atakayezimiliki takwimu hizo. Waaustralia wamekubaliana, katika mapatano yao ya kitaifa ya mwaka wa 2020, kwamba jamii zinazopimwa ziwe na haki ya kuzifikia na kuzitumia takwimu zinazozihusu. Aliyehesabiwa naye apewe daftari alisome.

Kwa hivyo, nawaomba walimu wenzangu: mnapofundisha asilimia, msiishie kwenye jibu sahihi. Mwacheni mwanafunzi aulize nani yuko juu ya mstari, nani yuko chini yake, na nani hayuko popote. Nanyi wanafunzi mnaotoka katika jamii ambazo majina yake hayasikiki sana, someni sayansi kwa bidii. Ipo siku mgonjwa wa kwenu ataamka usiku katika wodi asiyoizoea, akitafuta njia ya kutorokea. Akisikia sauti ya muuguzi ikimsalimu kwa lugha ya mama yake, huenda akarudi kitandani, akalala, akapona.