Virusi ndani ya flashi: usikimbilie kuformate

KAMITUGA. — Jumapili moja jioni bibi yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alichomeka flashi yake kwenye mashini ya nyumbani ili amalize kuandika points za wanafunzi. Akaniita. Dosye zake zote zilikuwa pale na majina yake, lakini kila moja ilikuwa na kamshale kadogo pembeni. Alipobonyeza, kadirisha keusi kakatokea na kupotea mara moja, kisha dosye ikafunguka kama kawaida. Tukasema ni mashini imechoka. Kesho yake nikachomeka flashi yangu mimi. Kamshale hako hako.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Nikaona fishie moja yenye jina la ajabu, nikaifuta. Tangu dakika ile dosye hazikufunguka tena. Points za muhula mzima, hakuna. Na kwenye flashi yangu kulikuwa na picha za marehemu baba, aliyefanya kazi SOMINKI, ile kampuni ya madini iliyozaliwa mwaka 1976 na ambayo wazee wa hapa wanaihesabia miaka mpaka leo. Picha za karatasi zilikwisha kuliwa na unyevu. Zile za flashi ndizo zilikuwa zimebaki.

Fundi wa kwanza tuliyemwonyesha mashini hakuuliza kitu. Aliangalia, akasema: « Iko na virusi. Tunaformate tu, dola 10, kesho munakuja kuchukua. » Nilikuwa karibu kusema ndiyo.

« Haijapotea, iko mule mule »

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani aliyesoma informatike. Alifika jioni na begi lake, akakataa kwanza kuwasha mashini.

« Papa, mbele ya yote, unisaidie na jibu moja. Hii flashi ilitoka wapi? »

« Mama mwalimu aliendaka nayo kwenye sekretaria, kuimprime maulizo ya interro. »

« Na wewe ulichomeka yako nyuma ya yake? »

« Ndiyo. »

« Basi tuko na kazi ya watu wengi, haiko ya mashini moja. Lakini musilie, fishie zenu hazijapotea. Ziko mule mule. »

Akachukua flashi yangu, akaiunga kwenye simu yake ya Android kwa kamba fupi. Picha za baba zikatokea kwenye simu, moja moja. Bibi yangu akakaa chini.

Alitueleza hivi. Virusi vya namna hii havifuti kitu. Vinachukua dosye zako na kuzipiga alama ya « iliyofichwa », alama ambayo Windows inaiheshimu na kwa hiyo haikuonyeshi. Mahali pake vinaweka rakursi, yaani njia ya mkato yenye jina lile lile na sura ile ile, ila kamshale. Ukibonyeza rakursi, mambo mawili yanafanyika pamoja: dosye yako ya kweli inafunguka ili usishuku, na programu ndogo ya virusi inaamka. Inajinakili ndani ya mashini, inajiandikisha kati ya vitu vinavyowaka kila mara unapoiwasha, halafu inangojea flashi ingine. Nilipofuta ile fishie ya ajabu nilikuwa nimekata mguu wa virusi, lakini dosye zilibaki zimefichwa na rakursi zikawa hazina pa kwenda. Simu ya Android haijali alama ile ya Windows, wala programu ya virusi vya Windows haiwezi kutembea ndani yake. Ndiyo maana ilituonyesha ukweli.

Kwa hiyo alama ya kwanza ya kuangalia ni nafasi. Kama flashi inaonekana tupu lakini mashini inasema nafasi imejaa, mali yako iko. Fundi akiformate hapo, anafuta pamoja na virusi kile ambacho virusi vyenyewe havikufuta.

Namna kazi ilivyoenda

Kijana alikuja na flashi yake ingine yenye Linux. Aliwasha mashini yetu kupitia flashi ile, Windows ikabaki imelala, na virusi vyake vikalala pamoja nayo. Hapo akanakili points, picha na barua zetu kwenye diski ya nje. Alichagua karatasi na picha peke yake. Programu yoyote, hata ile tuliyoipenda, aliiacha. « Mali kwanza, dawa nyuma », alisema.

Kisha akawasha Windows ya kawaida, ila bila intaneti. Akafungua orodha ya programu zinazowaka zenyewe, akaona moja yenye jina la herufi zisizo na maana, akaizima na kuifuta. Tukanunua mega tuendeshe sasisho la Defender, antivirusi ya Microsoft ambayo inakuja ndani ya Windows tangu Windows 8, bila kulipa. Akachagua ule uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka kabisa. Mashini ikazima, ikawaka, ikachunguza karibu robo saa. Vitu vitatu vilikamatwa.

Mwisho zikaja flashi. Akafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika mstari mmoja, ambapo E ni herufi ambayo mashini ilikuwa imeipa flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Dosye zote zikarudi kuonekana. Akafuta rakursi na ile programu ndogo. Alitulipisha pesa kidogo kuliko ile dola 10 ya kuformate.

Nilimwuliza kama basi kuformate ni kubaya siku zote. Akasema hapana. Kama virusi vimeingia mbali sana, au mashini inarudilia ugonjwa hata nyuma ya dawa, kuweka Windows upya ndiyo njia ya uhakika. Lakini hiyo inafanyika kisha kutoa mali nje, na mwenye mashini akiwa anajua kitakachofutwa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao dawa hii haigusi. Ukikuta fishie zako zimebadilishwa mwisho wa jina na karatasi inakudai pesa, hizo hazijafichwa, zimefungwa kwa ufunguo. Hapo usilipe haraka na usifute kitu. Tangu Julai 2016 polisi ya Uholanzi, Europol na makampuni ya antivirusi wanaendesha No More Ransom, ambako funguo za aina nyingi za virusi hivyo zinatolewa bure.

Kwa nini flashi, kwa nini hapa

Kamituga iko karibu kilomita 180 na Bukavu, na kila aliyepita ile barabara ya taifa namba 2 wakati wa mvua anajua kilomita hizo zina urefu gani. Tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, si kila mtu anakubali safari hiyo kwa sababu ya mashini mgonjwa. Mega ni bei, umeme wa wengi wetu unatoka kwenye sola. Basi karatasi zetu zinatembea ndani ya mifuko: hesabu za PDG wa shimo, daftari ya négociant wa dhahabu, maulizo ya mwalimu, matangazo ya parokia. Zote zinaishia kwenye sekretaria, kwenye mashini ile ile, tundu lile lile. Virusi havihitaji intaneti. Sisi tunavibeba.

Si jambo la Kamituga tu. Mwaka 2023 wataalamu wa Mandiant, kampuni ya usalama wa kompyuta iliyo mkononi mwa Google, walieleza namna virusi vya upelelezi vinavyoitwa Sogu vilivyoingia katika mashirika mengi kwa njia ya flashi, na mara nyingi mlango ulikuwa ofisi zao za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walitaja kwa wazi maduka ya kuimprime na saiba za intaneti. Wakubwa wenye mafundi wa kulipwa waliingiliwa kupitia tundu kama hili letu.

Watu wa Kamituga hatuhitaji kufundishwa somo hili mara mbili. Tangu mwisho wa 2023, mpox ilipozuka hapa kwetu, tuliona kazi ya wauguzi: kumtibu mgonjwa na kumwuliza aligusana na nani. Aliyetibiwa akirudi katika nyumba ile ile ambayo haikuangaliwa, tunaanza upya. Kijana wa jirani alifanya hivyo hivyo. Aliomba flashi zote za nyumba, tukazikuta tano, mbili zilikuwa zimeguswa. Akaomba ya direkta wa shule. Kisha akaniambia: « Papa, sasa inabaki sekretaria. Bila hivyo, Ijumaa mutaniita tena. »

Mlangoni mwa sekretaria

Nilienda mwenyewe. Mwenye sekretaria alikasirika kwanza. « Papa, unataka kuniharibia kazi? Watu wakisikia hapa kuko virusi, nitakula nini? » Nilimwelewa. Nchi yetu ina sheria inayoitwa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, na mtu anayevuruga mashini za wengine kwa makusudi anaweza kujibu mbele yake. Lakini huyu hakuvuruga mtu. Virusi vilimletea mteja mmoja, na yeye hakujua.

Nikamwambia sikuja kumshitaki, nimekuja na fundi. Mashini yake ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Antivirusi ilikuwa imezimwa. Kwa nini? Kwa sababu aliyemwekea Windows ya bure alitumia programu ya kuvunja ufunguo, na programu zile zinadai kwanza uzime antivirusi. Wengi wetu tuko hivyo. Hata walio na Windows 10 wajue kwamba sasisho la kawaida lilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana alimshauri mwenye sekretaria: kwa kuandika na kuimprime tu, Linux inatosha, ni ya bure, na rakursi hizi za Windows haziishi humo. Walipima pamoja mchana mzima. Imprimante ilikubali.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa huyu alivunjwa na vidole vya nyumba yetu, vya shule na vya sekretaria.

Nyumbani tumeweka kanuni chache. Karatasi ya kuimprime inapita kwa simu, Bluetooth au WhatsApp, ikiwa PDF. Flashi ikilazimika kutoka, inatoka na karatasi ile moja tu, na ikirudi inachunguzwa kabla ya kufunguliwa. Picha za baba ziko sasa mahali patatu. Na neno la siri la barua pepe tulilibadilisha kupitia simu, kwani hatukujua ile programu ilikuwa imesoma nini katika siku zile tatu.

Bibi yangu alipeleka points siku ya mwisho, saa kumi jioni. Juma lililofuata nilipita kwenye sekretaria. Mlangoni kulikuwa na karatasi mpya, imeandikwa kwa herufi kubwa: « Flashi inapita kwanza kwa antivirusi. Aksanti kwa kungoja. » Watu wanne walikuwa wanangoja.