Okestra ya Hallé: Jinsi Ilivyoanzishwa na Jinsi Ilivyookolewa

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kusikia taarabu, nao wanajua kwamba watu kadha wakikaa pamoja na fidla, udi, kanuni na ngoma, kila mmoja hupiga chombo chake, lakini wote hutoa wimbo mmoja. Okestra ya simfoni ni jambo la namna hiyo, ila ni kubwa zaidi, maana wapigaji wake huweza kufika 80 na kupita. Mbele hukaa wapiga fidla, ndogo na kubwa. Nyuma yao wapiga filimbi na zumari. Kisha wapiga tarumbeta. Na nyuma kabisa wapiga ngoma. Mbele ya wote husimama kiongozi, na mara nyingi ana kijiti mkononi. Yeye hapigi chombo chochote, na kwa hiyo wengi huuliza: Basi, kazi yake ni nini? Habari za okestra ya mji wa Manchester, kaskazini ya Uingereza, zaweza kutupa jibu.

Aliyeianzisha hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1819, jina lake Karl Halle, na baba yake alikuwa mpiga kinanda cha kanisa. Alikwenda Paris kujiendeleza katika kupiga piano, akapata sifa huko. Lakini mwaka 1848 mapinduzi yalipozuka Ufaransa, kazi ilimwishia, akavuka bahari kwenda Uingereza. Mwaka ule ule akahamia Manchester, mji wa viwanda vya pamba, na baadaye akajulikana kwa jina la Charles Hallé.

Mwaka 1857 yalifanywa Manchester maonyesho makubwa ya picha na vitu vya sanaa, na Hallé akatakiwa akusanye okestra ya kuwaburudisha wageni. Aliikuza ile ndogo aliyokuwa nayo, akaifundisha barabara. Maonyesho yalipokwisha, wapigaji walikuwa karibu kutawanyika, kila mtu aende zake. Hallé aliona uchungu kuwaachia watu waliokwisha kuzoeana, akakata shauri kuwaweka pamoja, na hasara yoyote iwe juu yake mwenyewe. Tarehe 30 Januari 1858 walipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi uitwao Free Trade Hall. Msimu huo walifanya matamasha 30, na hesabu ilipofungwa faida yote ilikuwa shilingi 2 na peni 6, yaani peni moja kwa kila tamasha! Mwingine angalivunjika moyo, lakini yeye aliendelea. Aliiongoza okestra ile mpaka alipofariki mwaka 1895, na hata leo yaitwa kwa jina lake.

Baada yake walikuja viongozi wengine. Hans Richter, aliyeshika kazi toka 1899 hata 1911, ndiye aliyeongoza simfoni ya kwanza ya Edward Elgar ilipopigwa kwa mara ya kwanza duniani, mjini Manchester, mwezi wa Desemba 1908. Hamilton Harty, mtu wa Ireland, aliongoza toka 1920 hata 1933. Alipoondoka, kwa miaka sita hakukuwa na kiongozi wa kudumu, bali wageni wa kuja na kuondoka. Wahenga walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Desemba 1940 mabomu yaliuharibu ule ukumbi wa Free Trade Hall. Hata ilipofika mwaka 1943 okestra ilimwita John Barbirolli, mzaliwa wa London, ambaye alikuwa amefanya kazi yake New York. Alirudi wakati safari ya Atlantiki ilikuwa ya hatari. Alipofika alikuta msiba mwingine. Wapigaji wengi walikuwa wakifanya kazi pia katika okestra ya redio ya BBC, na walipotakiwa kuchagua upande mmoja, karibu wote walichagua redio. Waliobaki hawakufika hata nusu ya waliohitajika, na tamasha la kwanza lilikuwa limekaribia sana.

Barbirolli hakukaa kulaumu. Kila siku aliwasikiliza watu waliokuja kujaribiwa. Vijana wengi wenye nguvu walikuwa vitani, kwa hiyo alichukua wanafunzi, walimu, wanawake wengi, na watu wa bendi za tarumbeta. Hakuuliza mtu amewahi kupiga wapi, bali alisikiliza anavyopiga, kisha akawafundisha kutwa nzima. Tarehe 5 Julai 1943, yapata mwezi mmoja tu tangu afike, okestra mpya ilipiga katika mji wa Bradford. Kwa miaka kadha haikuwa na ukumbi wake, hata ikapiga mahali pa kuchezea sarakasi. Free Trade Hall ulifunguliwa tena mwaka 1951. Barbirolli hakuiacha okestra ile mpaka alipofariki mwaka 1970.

Tangu mwaka 1996 okestra hupiga katika ukumbi mwingine, Bridgewater Hall. Mark Elder aliiongoza toka 2000 hata 2024, akampokeza kazi Kahchun Wong, mzaliwa wa Singapore.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukumbi uliungua, wapigaji walihama, faida ilikuwa peni, lakini okestra haikufa. Kiongozi asiyepiga chombo ndiye anayesikiliza vyombo vyote, na kumfanya kila mpigaji amsikie jirani yake. Hallé alikataa watu wake watawanyike. Barbirolli aliwakusanya upya waliposambaa. Sisi wanafunzi tulio katika bendi, kwaya au timu ya mpira, tukumbuke kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na atakayechaguliwa kutuongoza ajue kwamba kazi yake ya kwanza ni kusikiliza.