Kwa nini pikapu ya umeme yenye umbo geni huchekwa kabla ya kupimwa

Na Mwandishi Wetu

GARI linapotofautiana kwa umbo na yale yaliyozoeleka barabarani, watu wengi huanza kulicheka kabla ya kuuliza linabeba mzigo kiasi gani, linakwenda umbali gani, na likiharibika litatengenezwa na nani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchini Marekani kwa pikapu ya umeme iitwayo Cybertruck, na hapa nchini hali ilifanana na hiyo, kwa kiasi chake, kwa gari dogo la umeme lililobuniwa na Mtanzania.

Kwa wakazi wa Maneromango, wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, suala hili si la mzaha wa mijini peke yake. Mihogo, machungwa, nazi na mazao mengine ya huko hufika katika masoko ya Dar es Salaam kwa magari, na gharama ya usafiri ndiyo inayoamua mkulima atabakiwa na nini mfukoni. Iwapo pikapu ya umeme inaweza kupunguza gharama hiyo, kuikataa kwa sababu ya sura yake ni hasara. Iwapo haiwezi kazi, kuinunua kwa sababu ya sifa zake ni hasara kubwa zaidi.

Kioo kilichopasuka mbele ya watu

Cybertruck lilioneshwa kwa mara ya kwanza Novemba 21, 2019, mjini Hawthorne, California, na kampuni ya Tesla inayoongozwa na Elon Musk. Gari hilo halikuwa na mviringo wowote wa kawaida. Lilikuwa na pande bapa na kona kali, mithili ya kitu kilichochorwa kwa rula, na halikupakwa rangi.

Katika onesho hilo, mkuu wa ubunifu wa kampuni hiyo, Franz von Holzhausen, alirusha tufe la chuma kwenye kioo cha dirisha ili kuthibitisha uimara wake. Kioo kikapasuka. Aliporudia kwenye dirisha la pili, nacho kikapasuka. Picha za tukio hilo zilizagaa duniani kote, na watu wakalifananisha gari hilo na jokofu, pipa la taka na mchoro wa mtoto mdogo.

Pamoja na kejeli hizo, katika siku chache zilizofuata Musk alitangaza kuwa maagizo yaliyopokelewa yalizidi 200,000. Ni kweli kwamba kuweka oda kulihitaji dola 100 tu, tena zinazoweza kurudishwa, lakini idadi hiyo ilionesha kuwa umbo lile lile lililowachekesha baadhi ya watu liliwavutia wengine.

Umbo hilo lilikuwa na sababu yake ya kiufundi. Mwili wa gari umetengenezwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu. Mabati laini ya magari ya kawaida hukandamizwa kiwandani kwa mashine kubwa hadi yakapata mikunjo na mviringo. Chuma kigumu cha unene ule hakikubali kukandamizwa kwa urahisi namna hiyo, hivyo hukunjwa kwa mistari iliyonyooka. Kwa maneno mengine, mtu aliyecheka kona za gari hilo alikuwa akicheka tabia ya chuma chenyewe.

Magari ya kwanza yalikabidhiwa kwa wateja Novemba 30, 2023, yakiwa na bei ya juu kuliko ile ya dola 39,900 iliyotajwa mwaka 2019. Machi 2025, kampuni ilitangaza kuyaita magari zaidi ya 46,000 yarekebishwe, kwa sababu kipande cha chuma cha nje kilichoshikizwa kwa gundi kingeweza kubanduka gari likiwa safarini. Wito huo ulihusu karibu magari yote ya aina hiyo yaliyotengenezwa tangu Novemba 2023 hadi Februari 2025. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na maagizo ya mwaka 2019.

Funzo lake ni kwamba pande zote mbili zilipima kwa macho. Waliocheka hawakujua kuwa gari lingefika barabarani na kwenda zaidi ya kilomita 500 kwa chaji moja kwa vipimo vya Marekani. Walioshangilia nao hawakujua kuwa tatizo lingetokea katika gundi, mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Gari la mchora katuni

Hapa nchini, Machi 2022, mchora katuni na mtangazaji maarufu Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme chini ya jina la Kaypee Motors. Habari hiyo ilienea kwa kasi, na maoni yakagawanyika. Wapo waliompongeza kwa kuthubutu na kuona fahari kwamba gari limebuniwa na mzawa. Wapo walioangalia udogo na sura yake wakalifanyia mzaha, na wengine wakalipima kwa kulilinganisha na magari ya viwanda vikubwa vya nje.

Ulinganisho huo haukuwa wa haki. Gari la kwanza la mbunifu yeyote huwa la majaribio, lenye kazi ya kuthibitisha kuwa wazo linaweza kutembea. Viwanda vikubwa navyo hutengeneza magari ya majaribio mengi ambayo umma hauyaoni kamwe. Tofauti ni kwamba mbunifu mdogo hana ukuta wa kiwanda wa kumficha. Jaribio lake huonekana na watu wote siku ile ile.

Mkoa wa Pwani wenyewe una historia katika jambo hili. Shirika la Nyumbu, lililopo Kibaha na lililoanzishwa rasmi mwaka 1985, lilibuni malori yaliyobeba jina hilo hilo. Malori hayo yalithibitisha kuwa Watanzania wanaweza kubuni gari, lakini hayakufikia kutengenezwa kwa wingi na kuingia sokoni. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 likafuatiwa na basi la Kayoola linalosaidiwa na nishati ya jua. Katika safari zote hizo, kazi iliyokuwa ngumu kuliko kutengeneza gari la kwanza ni kutengeneza la mia moja.

Umeme haukuchekwa ulipovaa umbo lililozoeleka

Zipo dalili kwamba kinachowashtua watu ni sura zaidi ya umeme wenyewe. Jijini Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli katika magari ya safari aina ya Land Cruiser na kuweka mota na betri. Magari hayo hayakuzua vicheko vya namna ile. Kwa nje yalibaki kuwa Land Cruiser, gari ambalo kila fundi wa Afrika Mashariki analifahamu.

Hata hivyo, mazoea nayo yana mwanzo wake. Basi dogo la Hiace lilipoingia katika kazi ya daladala liliitwa kipanya kwa udogo wake. Pikipiki ya magurudumu matatu ilichukua jina la kampuni ya India iliyoitengeneza, ikawa bajaji. Gari dogo la mizigo kama Suzuki Carry likapewa jina la kirikuu. Leo majina hayo ni ya kawaida, na hakuna anayecheka anapomwita dereva wa kirikuu aje kubeba magunia.

Hata umbo la kirikuu halikutokana na uzuri. Sheria ya Japani inatoa nafuu ya kodi kwa magari yasiyozidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660. Ndiyo maana dereva huketi juu ya matairi ya mbele na pua ya gari ikawa fupi, ili nafasi yote iliyobaki iwe ya mzigo. Kilichokuwa hesabu ya kodi huko Japani kimekuwa sura ya kawaida ya pikapu ya mfanyabiashara mdogo wa Tanzania.

Hesabu ya safari ya Maneromango

Kutoka Maneromango hadi Kisarawe mjini ni takriban kilomita 50, na kutoka hapo kupitia Pugu hadi Kariakoo ni zaidi ya 30. Safari nzima ni kilomita zipatazo 80, na kwenda na kurudi ni 160. Hapo ndipo pikapu ya umeme inapopaswa kupimwa.

Chukua mfano wa kirikuu cha petroli kinachokwenda kilomita 12 kwa lita kikiwa na mzigo. Safari ya kwenda na kurudi itatumia lita 13 na ushei. Lita ikiwa sh. 3,000, mafuta yatagharimu takriban sh. 40,000.

Kwa pikapu ndogo ya umeme inayotumia uniti 15 kwa kila kilomita 100, safari hiyo itahitaji uniti 24. Kwa wateja wa matumizi ya kawaida, bei ya sh. 292 kwa uniti iliyoanza kutumika mwaka 2016, ikiongezwa kodi na tozo, hufikia takriban sh. 356. Gharama ya umeme itakuwa kama sh. 8,500. Tofauti ya zaidi ya sh. 30,000 kwa safari moja si ndogo kwa msafirishaji, wala kwa mkulima ikiwa nafuu hiyo itamfikia.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Gari dogo la mizigo la umeme la Mitsubishi, Minicab MiEV, lililoingia sokoni Japani mwaka 2011, lilikuwa na betri ya uniti 16 katika toleo lake kubwa. Betri ya kiasi hicho haiwezi kumaliza safari yenye mahitaji ya uniti 24. Gari litalazimika kuchajiwa likifika sokoni. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 2 hadi 3, hivyo kurudisha uniti 12 zilizotumika katika safari ya kwenda kutachukua saa nne hadi sita. Msafirishaji anayetaka kurudi mapema kupakia tena atakuwa amekaa anasubiri.

Ipo nafuu moja inayotokana na ardhi. Gari linapoteremka kutoka vilima vya Kisarawe na Pugu kuelekea Dar es Salaam, mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati katika betri, na kadiri mzigo ulivyo mzito ndivyo inavyorudisha zaidi. Lakini wakati wa kurudi, mlima huo huo hudai nishati yake.

Uzalishaji wa umeme nchini umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 mitambo yote ilikuwa imekamilika. Hata hivyo, umeme kuwepo katika gridi ni jambo moja, na msafirishaji kuupata kwa uhakika mahali anapopakia na kushusha mzigo ni jambo jingine.

Swali lililomo ndani ya kicheko

Si haki, basi, kusema kwamba kila anayecheka umbo geni ni mtu asiyependa maendeleo. Ndani ya kicheko hicho mara nyingi mna hofu yenye msingi. Mnunuzi wa Tanzania anapochagua gari huangalia kama vipuri vyake vinapatikana, kama fundi wa mtaani anaweza kulifungua na kulifunga, na kama siku akikwama kifedha ataliuza. Umbo lililozoeleka humwambia kuwa majibu yapo. Umbo geni humwambia kuwa atakuwa wa kwanza kuyatafuta.

Kwa kipimo hicho, Cybertruck halina nafasi kubwa katika barabara ya Maneromango. Lina uzito wa karibu tani 3 kabla ya kupakiwa chochote, limetengenezwa kwa usukani wa kushoto wakati Tanzania magari hupita upande wa kushoto wa barabara na usukani huwa kulia, na kipande chake cha chuma kikipinda hakinyooshwi kwa nyundo ya fundi wa kawaida. Kasoro hizo hazihusiani na uzuri wala ubaya wa sura.

Kwa kipimo hicho hicho, gari dogo lililobuniwa nchini lina jambo moja ambalo magari ya nje hayana: aliyelitengeneza yupo karibu. Iwapo mwili wake unaweza kuungwa kwa mashine ya kuchomelea, na betri yake inaweza kubadilishwa na fundi aliyepo Kibaha au Kisarawe, hata sura yake ikiwa ngeni itazoeleka, kama kipanya na kirikuu vilivyozoeleka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mkulima na msafirishaji wanapaswa kumwuliza muuzaji maswali manne: gari linabeba kilo ngapi katika barabara ya udongo wakati wa masika, linakwenda kilomita ngapi likiwa na mzigo huo, litachajiwa wapi na kwa saa ngapi, na betri ikichoka itabadilishwa na nani, kwa bei gani. Mbunifu anayeweza kuyajibu hana sababu ya kuogopa kuchekwa. Asiyeweza kuyajibu hataokolewa na umbo lolote, liwe la kuvutia au la kuchekesha.